Siku tano katika bonde la Dedham: kutoka runingani hadi ukingo wa mto Stour

Kabla ya kuondoka

Vipindi vya televisheni vya mandhari na sanaa hukuonyesha mahali lakini havikuambii pa kusimama. Mtazamaji anaona maji yaliyotulia, nyumba nyeupe, ng'ombe na mnara wa kanisa kwa mbali, kisha anakata tiketi. Akifika anakuta maegesho ya magari, foleni ya chai, na mti uliokua mbele ya kile alichokuja kukitazama. Bonde la Dedham, mpakani mwa kaunti za Suffolk na Essex mashariki mwa Uingereza, ni mahali pazuri pa kujifunza namna ya kuliepuka jambo hili. John Constable, aliyezaliwa East Bergholt mwaka 1776, alichora hapa picha zilizomjengea jina, tena ndani ya eneo ambalo mtu mwenye miguu mizima analizunguka kwa siku moja. Mpango huu ni wa Ijumaa hadi Jumanne, na siku hizo zimechaguliwa kwa sababu.

Kazi inaanzia nyumbani, rimoti mkononi. Simamisha picha kwenye kila mandhari inayokuvutia uandike mambo manne. Kwanza, kitu kilicho karibu kabisa na kamera: nguzo, lango, ukingo wa daraja. Hicho ndicho kitakachokupa pa kusimama. Pili, kivuli kinaangukia upande gani, maana kivuli ni saa. Tatu, hali ya majani ya miti, inayokutajia mwezi. Nne, kama kamera iko usawa wa macho ya binadamu au juu zaidi. Ikiwa iko juu, ile ni droni, na picha hiyo ifute kwenye orodha yako: National Trust, shirika linalomiliki Flatford, kijiji kidogo cha kando ya mto tutakachokifikia siku ya 2, linakataza kurusha droni kwenye ardhi yake bila kibali.

Mambo hayo yahamishie kwenye ramani ya Ordnance Survey, Explorer namba 196, yenye mizani ya 1:25,000. Sentimita 4 ni kilomita moja, na njia za miguu zilizo wazi kisheria kwa umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Ramani ya simu inatosha barabarani, lakini malishoni, mahali njia inapogawanyika pande mbili za ua, haisaidii sana.

Kuna mambo mawili ambayo kipindi hakitakuonyesha. Lenzi ndefu huvuta vitu vya mbali, kwa hiyo mnara wa kanisa la kijiji cha Dedham unaoonekana kama umekaa nyuma ya ng'ombe, ukisimama pale pale utauona mdogo kama kidole gumba. La pili ni sauti. Barabara kuu ya A12 inapita kando ya bonde, upande wa Stratford St Mary, na upepo ukitokea huko utasikia malori siku nzima. Televisheni huiondoa sauti hiyo na kuweka ndege na kinanda.

Kuhusu majira: ukitaka ukungu juu ya mto, nenda mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Ukungu huo hutokea usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, ardhi ikapoa haraka huku maji yakiwa bado na joto la kiangazi, na jua likipanda kidogo unaondoka. Ukitaka mwanga mrefu, Juni: jua huchomoza kama saa 10:40 alfajiri na kuzama baada ya saa 3:00 usiku. Desemba jua huzama kabla ya saa 10:00 alasiri, na safari kama hii haina maana.

Siku ya 1, Ijumaa: London

Usikimbilie bondeni. Picha yenyewe, The Hay Wain (Mkokoteni wa Nyasi) ya Constable ya mwaka 1821, inayoonyesha mto pale Flatford, iko National Gallery, uwanja wa Trafalgar, na kuingia kuona mkusanyiko wa kudumu ni bure. Ijumaa imechaguliwa kwa sababu siku hiyo jumba hufungwa saa 3:00 usiku, na baada ya saa 12:00 jioni makundi ya wanafunzi yameshaondoka. Picha hubadilishwa vyumba na nyingine huazimwa nje, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya jumba kwamba ipo ukutani.

Turubai ni sentimita 130.2 kwa 185.4. Uwiano huo unakaribia sana ule wa karatasi ya A4, na ni wa manufaa. Chukua kadi ngumu, ukate katikati dirisha la sentimita 5 kwa 7. Ukiitazama picha kupitia dirisha hilo, nyumba ya Willy Lott, mkulima wa Flatford, inachukua sehemu fulani ya upande wa kushoto, mkokoteni unakaa katikati majini, na upande wa kulia unafunguka kwenye malisho. Andika kwenye kadi nyumba inaanzia wapi na kuishia wapi. Kesho kadi hiyo ndiyo itakayokuongoza, si picha ya simu.

Kitu kingine cha kukumbuka mbele ya turubai ni kwamba haikuchorwa mtoni. Constable aliitengeneza katika studio yake London, kutokana na michoro midogo aliyoifanya Flatford miaka ya nyuma. Mwaka 1821 aliionyesha kwa jina la Mandhari: Adhuhuri na haikupata mnunuzi. Miaka 3 baadaye ilipelekwa Paris ikapewa medali ya dhahabu. Anayekwenda Flatford akitarajia nakala ya turubai anatafuta kitu ambacho hata mwaka 1821 hakikuwepo hivyo hivyo.

Ukiwa na muda, Victoria and Albert Museum, South Kensington, nayo hukaa wazi hadi usiku siku ya Ijumaa. Inamiliki mchoro wa awali wa picha hiyo hiyo, wenye ukubwa ule ule, rangi zikiwa zimepigwa haraka na kwa nguvu. Sisi tunaupenda kuliko picha iliyokamilika. Humo pia kuna Boat-building near Flatford Mill, ya mwaka 1815, ambayo kwa sehemu kubwa aliichora nje, mbele ya kitu chenyewe.

Siku ya 2, Jumamosi: Manningtree hadi Flatford

Treni zinatoka kituo cha London Liverpool Street na kufika Manningtree kwa takriban saa moja. Tiketi za nje ya saa za msongamano ni nafuu, na wikendi hakuna msongamano wa kazini. Tatizo la wikendi ni matengenezo ya reli: sehemu ya njia hufungwa na abiria hupandishwa mabasi, na safari ya saa moja inakuwa mbili au zaidi. Angalia ratiba Alhamisi, si asubuhi ile. Ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 14:05 ni saa 8:05 mchana.

Ondoka London mchana. Wageni wa kutwa huja Flatford asubuhi na kuondoka alasiri, na picha ya mkokoteni ina mwanga bora baada ya adhuhuri, jua likiwa limehamia nyuma ya mtazamaji. Kwenda mapema ni kukutana na watu wengi na mwanga mbaya kwa pamoja.

Kutoka kituoni kuna kibao cha njia ya miguu ya kwenda Flatford. Njia inateremka, inapita chini ya reli, kisha inafika mtoni na kufuata maji. Ni kama kilomita 3, mwendo wa dakika 45 bila mzigo mzito. Sehemu ya chini ndiyo yenye matatizo, maana hapa mto unakaribia bahari, na baada ya mvua nyingi au maji kujaa sana njia hugeuka tope la kuzamisha kifundo cha mguu. Viatu vya raba havifai, vaa buti zisizopitisha maji. Sanduku la magurudumu halipiti kabisa. Mwenye mzigo aagize teksi kabla hajapanda treni, kwa kuwa hakuna uhakika wa kuikuta nje ya kituo, na barabara za vijijini ni nyembamba, hazifai kutembea na mzigo mgongoni.

Flatford yenyewe ni nyumba chache tu: Bridge Cottage karibu na daraja, kinu cha maji kilichokuwa cha Golding Constable, baba wa mchoraji, malango ya maji ya kupandisha na kushusha majahazi, na hatua chache mbele, nyumba ya Willy Lott. Kutembea nje ni bure, kinacholipiwa ni maegesho. Kinu na nyumba ya Willy Lott vinatumiwa na Field Studies Council kwa mafunzo, kwa hiyo mpita njia haingii ndani. Wanaotaka kulala hapo hujiandikisha kwenye kozi za makazi za shirika hilo, zikiwemo za uchoraji. Kuhusu Willy Lott husimuliwa kwamba katika maisha yake marefu alilala nje ya nyumba ile usiku 4 tu.

Sasa toa kadi. Simama upande wa kinu, maji yakiwa mbele yako na nyumba kushoto. Shika kadi umbali wa kama sentimita 30 kutoka usoni, kisha uisogeze mbele na nyuma mpaka nyumba ijae nafasi uliyoiandika London. Ikikataa, sogea wewe, hatua moja moja, bila kuacha kuangalia ukingo wa maji. Wengi hukosea kwa kusimama karibu mno, nyumba ikajaza dirisha lote na malisho ya kulia yakapotea. Upande wa kushoto wa mto ni Suffolk, malisho ng'ambo ni Essex.

Utaona tofauti mara moja. Miti ya ng'ambo imefunga sehemu ya uwazi ambao ndani ya picha unakwenda mbali. Miti mikubwa iitwayo elm, ambayo Constable aliichora kwa upendo wa pekee, haipo tena. Ugonjwa wa kuvu unaobebwa na mbawakawa wa magome, uliosambaa Uingereza kutoka kwenye magogo ya kigeni mwishoni mwa miaka ya 1960, uliimaliza karibu yote. Kilichobaki kingi ni mierebi, na baadhi yake hupandwa bondeni kwa ajili ya kuchonga magongo ya kriketi.

Lala Dedham au East Bergholt. Vyumba ni vichache, na kiangazi hujaa wiki nyingi kabla.

Siku ya 3, Jumapili: East Bergholt, Fen Lane, Dedham

Uwe kanisani East Bergholt kabla ya ibada ya asubuhi, hata kama huendi kusali. Ujenzi wa mnara wa kanisa la St Mary ulianza mwaka 1525 ukakwama, na kengele zikawekwa ndani ya kibanda cha mbao uani, mwaka 1531, kwa muda. Muda huo haujaisha hadi leo. Ni kengele 5 zenye uzito wa jumla wa zaidi ya tani 4, na hazivutwi kwa kamba: wapigaji husimama kando yake na kuzisukuma kwa mikono. Tazama ukiwa nje ya kibanda, maana chuma cha uzito huo hakipewi mgongo. Jumapili ndiyo siku ya uhakika ya kuzisikia. Runingani huchukua sekunde chache, lakini ukiwa pale unazihisi kifuani.

Kutoka kijijini shika Fen Lane kuteremka mtoni. Hii ndiyo njia ya The Cornfield, ya mwaka 1826, na ndiyo aliyopita Constable akiwa mtoto kwenda shule Dedham. Ua za pande zote mbili zimenenepa, kwa hiyo usitegemee kuona shamba la ngano kwa mbali kama kwenye picha. Chini kuna daraja la miguu, na ng'ambo yake ni malisho ya wazi.

Malishoni kuna ng'ombe. Wakiwa na ndama, zunguka mbali nao, usipite kati ya mama na mtoto. Mbwa afungwe kamba, na wakikujia kwa kasi mwachie mbwa, maana wanamfuata yeye. Funga kila lango ulilolifungua. Majani marefu ya kando ya mto yana kupe na mengine yanawasha, kwa hiyo suruali ndefu hata kukiwa na joto.

Mnara wa kanisa la Dedham una urefu wa mita 40 na unaonekana karibu katika kila pembe ya bonde. Hapa ndipo watazamaji wa televisheni huchanganyikiwa: wanajaribu kutafuta mahali ambapo mnara unakaa kama kwenye turubai fulani, na hawapati. Hawana kosa. Constable aliusogeza mnara ule palipomfaa, kwa sababu picha ilihitaji kitu kirefu upande huo. Ndani ya kanisa kuna picha yake ya Kupaa kwa Kristo, moja ya kazi zake chache za dini. Dini haikuwa eneo lake, na picha inasema hivyo.

Alasiri nenda Castle House, nyumba ya Alfred Munnings, mchoraji wa farasi, ambayo sasa ni jumba la makumbusho. Hufungwa msimu wa baridi na baadhi ya siku za wiki, angalia kabla. Munnings alikuwa rais wa Royal Academy, taasisi ya wasanii iliyoko London, kuanzia 1944 hadi 1949, na mwaka ule wa mwisho alitoa hotuba ya kuwaponda wachoraji wa kisasa iliyorushwa moja kwa moja na redio ya BBC. Sanaa na utangazaji havijaanza kugombana leo.

Kurudi, fuata mto kutoka Dedham hadi Flatford, kama kilomita 2.5, tambarare yote. Mashua za kupiga makasia hukodishwa kiangazi. Mkondo ni wa pole, lakini upepo unaweza kukupuliza usoni wakati wa kurudi, na anayetumia nusu ya muda wake kwenda hurudi amechelewa. Geuka ukiwa umetumia theluthi.

Siku ya 4, Jumatatu: kuchora

Hii ndiyo siku tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi huiruka kwa kusema hawajui kuchora. Shindano la chaneli ya televisheni ya Sky Arts, Landscape Artist of the Year, lililoanza mwaka 2015, huwapa wachoraji muda wa saa nne kumaliza picha moja. Kipindi kinaufupisha muda huo hadi dakika chache. Ukikaa mahali pamoja kwa muda wote huo utaelewa kwa nini hata mafundi wanatoka jasho.

Vifaa: rangi za maji za vibonge 12, brashi ya duara namba 8 na bapa ya sentimita 2, karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ubao wa A4, utepe wa karatasi wenye gundi wa kubandika kingo zote nne, nusu lita ya maji, kitambaa, na kigoda. Rangi za mafuta zina raha yake, lakini tapentaini hairuhusiwi kwenye ndege, na picha mbichi haina pa kulala kwenye begi.

Jua huhama nyuzi 15 kila saa. Katika saa nne ni nyuzi 60, yaani vivuli ulivyovianza navyo vimegeuka kabisa. Kwa hiyo dakika 20 za kwanza zitumie kwa mchoro mdogo wa penseli wa sentimita 5 kwa 7, ukitia kivuli kwa viwango vitatu tu: mwangaza, kati, giza. Baada ya hapo vivuli vya kwenye karatasi vinatoka kwenye mchoro huo, si kwenye mto. Anayefukuza vivuli humaliza na nyumba yenye jua pande zote mbili.

Anza na mbingu, kwa kuwa ndiyo inayobadilika upesi na inahitaji karatasi ikiwa imelowa. Hewa ya bondeni ina unyevu, hivyo tabaka linaloonekana kavu bado ni bichi chini, na ukipaka juu yake rangi hurudi nyuma na kuacha madoa yenye kingo. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya baridi, haijakauka. Upepo ukizidi, kaa upande wa ukuta wa kinu au ning'iniza begi chini ya kisimamio cha ubao, kama unacho. Kijani cha kibonge usikitumie peke yake. Kitie kahawia kidogo, la sivyo malisho yatang'aa kama plastiki.

Mbingu ukiifanyia kazi tofauti utakuwa katika nyayo zenyewe. Miaka ya 1821 na 1822, huko Hampstead, Constable alichora mawingu matupu kwa rangi ya mafuta juu ya karatasi ndogo, na nyuma ya nyingi akaandika tarehe, saa na upepo ulikotoka. Fanya hivyo kwenye karatasi ya ukubwa wa posta kadi, dakika 15 kila moja. Mvua ikinyesha, banda la chai lina paa, na mawingu yanaonekana vile vile.

Siku ya 5, Jumanne: Sudbury na kurudi

Rudi Manningtree, panda treni ya kuelekea London, badili Colchester na tena Marks Tey. Hapo treni ndogo ya Sudbury ina jukwaa lake pembeni na huchukua kama dakika 20. Tiketi ya kwenda na kurudi Manningtree haifiki Sudbury. Kipande cha Marks Tey hadi Sudbury hulipiwa chenyewe.

Njiani treni inavuka daraja la matofali la Chappel, lenye matao 32, lililofunguliwa mwaka 1849. Ukiwa juu yake hulioni. Anayelitaka ashuke kituo cha Chappel and Wakes Colne, ateremke bondeni, apande treni inayofuata saa moja baadaye.

Sudbury ndiko alikozaliwa mchoraji Thomas Gainsborough, mwaka 1727, na nyumba ya familia yake ni jumba la makumbusho lililopanuliwa na kufunguliwa upya mwaka 2022. Lipe saa mbili. Kisha shuka malishoni kando ya mto, dakika chache kutoka mjini. Ni mto ule ule wa Stour, ukiwa mwembamba zaidi. Mahali pa Mr and Mrs Andrews, picha yake ya mwaka 1750 hivi, pako karibu na mji lakini ni ardhi ya watu binafsi, usiruke ua.

Treni za Sudbury hupita takriban kila saa. Ukiikosa moja umekosa pia ile ya London inayoungana nayo Marks Tey, ambako hakuna la kufanya ila benchi. Fika kituoni dakika 10 mapema.